Umepandikiza vifaranga ziwani, samaki hawaonekani: tafuta kasoro kabla ya kununua wengine

Malalamiko ya mialoni, kule mitumbwi inakotua, yanafanana. Kikundi kimechangishana, vifaranga wa ngege wameletwa kwa pikapu, mheshimiwa amemwaga ndoo ya kwanza huku picha zikipigwa. Mwaka ukigeuka, nyavu zinatoka tupu. Kikao kinaitwa, na neno la kwanza linalosemwa ni hili: tuongeze vifaranga. Hapo ndipo pesa ya wavuvi inapozama mara ya pili, kwa sababu ziwa lililowamaliza elfu hamsini wa kwanza litawamaliza na elfu hamsini wanaofuata ikiwa hakuna aliyejua waliisha vipi.

Haya yafuatayo ni ya maziwa madogo na malambo: vile viziwa vya pembeni mwa Ziwa Kyoga hapa Uganda, maziwa ya Koki, Wamala, na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe yaliyogeuka ya kuvulia. Viktoria siigusi. Kumwaga vifaranga Viktoria ukitegemea kuwavua wewe ni sawa na kutupa shilingi sokoni ukitegemea kuiokota jioni. Ninaposema ngege namaanisha yule ambaye wenzetu wa Mwanza humwita sato. Ngege wa asili wa Viktoria na Kyoga ni samaki mwingine, nitamtaja baadaye.

Tafuta dalili inayofanana na yako, uanze na sababu ya kwanza. Nimezipanga kwa jinsi zinavyojirudia, si kwa jinsi zinavyotisha.

Dalili ya 1: Vifaranga wanaelea wamekufa siku hiyohiyo, au ndani ya siku tatu

Karibu kila mara ni safari. Mwaka mmoja sisi tulipakia saa nne asubuhi. Tairi likapasuka njiani, fundi akachelewa, tukafika mwaloni saa kumi jioni na mifuko iliyokuwa imeanza kunuka. Mwenye kituo cha vifaranga alilaumu barabara, sisi tukamlaumu yeye. Baadaye tukagundua kwamba wote tulikosa. Sisi tulisafirisha jua likiwa utosini, na yeye aliwalisha asubuhi ileile ili waonekane wanene machoni mwa wanunuzi. Samaki aliyeshiba hunya mfukoni, maji yanachafuka, na hewa inaisha kabla ya nusu ya njia.

Kwa hiyo uliza haya kwanza. Walishindishwa njaa siku nzima kabla ya kupakiwa? Mfuko ulikuwa na maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, au ulijazwa maji hadi shingoni? Walisafiri usiku au alfajiri? Jibu moja likiwa "hapana", umeshapata mtuhumiwa.

Sababu ya pili ni kumwagwa kwa pupa. Maji ya mfukoni na ya ziwani hayana joto sawa, na kifaranga hana blanketi. Acha mifuko ielee juu ya maji kivulini dakika 15 hadi 20, kisha fungua, ongeza maji ya ziwa kikombe kwa kikombe, halafu laza mfuko ubavu na uwaache watoke wenyewe. Mheshimiwa mwenye ndoo asubiri. Akikataa kusubiri, mpe ndoo yenye vifaranga ishirini apige nao picha, wengine washushwe taratibu upande wa pili wa mwalo. Tumefanya hivyo na hakuna aliyenuna.

Ya tatu ni ugonjwa walioutoa kituoni: vidonda, mapezi yaliyolika, utando mweupe kama pamba. Hawa hukataliwa kituoni kabla hela haijatoka.

Njia ya kujua ni ipi kati ya hizo ni rahisi, na sijui kwa nini vikundi haviitumii. Chukua vifaranga mia moja kutoka mifuko mbalimbali, uwaweke ndani ya kizimba cha wavu wa matundu madogo kilichofungwa kwenye miti minne ziwani. Wafugaji huuita wavu huo "hapa", na ukimwambia Mswahili aweke hapa atakuuliza wapi. Wahesabu kila asubuhi kwa siku tatu. Wakifa usiku wa kwanza, safari imewaua. Wakianza kufa siku ya pili na ya tatu wakiwa na madoa au vidonda, shuku ugonjwa. Wote wakiwa hai ilhali waliomwagwa nje wamepotea, nenda dalili ya 2.

Simama hapa: ukiona vidonda au macho yaliyovimba, usimwage waliobaki. Virusi vya ngege vimeshapatikana katika samaki wa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, na hakuna dawa ya kumwaga ziwani ikaviondoa. Mwite afisa uvuvi wa wilaya kabla mfuko mwingine haujafunguliwa.

Dalili ya 2: Hawakufa, lakini baada ya miezi sita nyavu tupu

Kwanza, huenda hawakuwa wengi kama ulivyolipia. Siku ya kununua chota vikombe vitatu, hesabu vifaranga wa kila kikombe, tafuta wastani, kisha hesabu vikombe mpaka mwisho. Anayeuza kwa haki hachukii ukifanya hivi. Kikundi kinachohesabu mifuko pasipo kuhesabu samaki hakiwezi kusema kimeibiwa wala hakikuibiwa.

Pili, waliliwa. Kifaranga mwenye urefu wa sentimita tatu ni karanga ya kambare, kwa sangara ni punje ya wali, na ndege mnandi hahitaji hata kufikiri. Nunua kambare kadhaa waliovuliwa hapohapo wiki ya kwanza, uwapasue matumbo. Ukikuta vifaranga ndani, hesabu yako imekamilika. Tiba ni kuwalea kwanza vizimbani au kwenye kidimbwi cha pembeni kwa wiki sita hadi nane, wamwagwe wakiwa wakubwa zaidi, na wamwagwe penye majani na matete. Kuwamwaga mbele ya mwalo, kwenye mchanga mweupe usio na hata unyasi, ni kuandaa karamu. Wachache wakubwa hushinda wengi wadogo, ingawa wengi wadogo hupendeza kwenye ripoti.

Kama adui ni sangara, tatizo ni zito. Viziwa vingi vya Kyoga vilimkosa sangara kwa sababu mafunjo yalifunga njia: ndani ya mafunjo maji hayana hewa ya kutosha, na sangara hastahimili kukosa hewa. Halafu mtu anakata mfereji ili mtumbwi upite, au ili mashua ya mukene, yaani dagaa, ifike karibu na soko. Mfereji huo ni mlango. Sangara alipandikizwa Kyoga katikati ya miaka ya 1950, na samaki wengi wa asili wakapungua hadi kubaki kwenye pembe alizoshindwa kufika. Ukaguzi wake: zungukeni ukingo wote wa mafunjo kwa mtumbwi mtafute njia mpya. Ikiwapo, usipandikize chochote mpaka sangara amethibitishwa kuwa hayupo. Na msikimbilie kuziba wala kukata mafunjo wenyewe. Ardhioevu ina sheria zake, na NEMA, mamlaka ya mazingira, wana macho.

Tatu, walivuliwa. Hili halipendwi kusemwa kikaoni kwa sababu wavuvi wamo kikaoni. Tembea ufuoni saa kumi na moja alfajiri uangalie anayevuta chandarua. Angalia pia sahani za kina mama wanaokaanga: ngege wa urefu wa kidole wakiuzwa kwa mafungu, hao ndio vifaranga wako wa mwezi wa nne. Kokoro, ule wavu wa kuburuza, hukokota kila kitu. Na ile mbinu ya kupiga maji kwa rungu ili samaki wakimbilie wavuni, ambayo huku tunaiita tycoon, huwatoa hata waliojificha majanini. Marekebisho hayapo kwenye duka la vifaranga; yapo kwenye kamati ya mwalo. Nitarudi kwao mwishoni.

Nne, walitoka. Kwenye lambo lenye mlango wa maji ya ziada, mvua moja kubwa huwabeba mamia kwenda bondeni kwa jirani. Weka chekeche la waya mlangoni, na mtu wa kuliondolea takataka, la sivyo maji yatapanda na kubomoa tuta. Tuta likianza kuvuja au kupasuka, achana na samaki: ondoa watu upande wa chini na utafute mhandisi wa maji wa wilaya. Usijaribu kuziba kwa magunia huku umesimama juu yake.

Dalili ya 3: Samaki wapo tele, ila ni wadogo na wana mayai

Mvuvi husema "mbegu mbaya". Mara chache ni mbegu. Mara nyingi ni macho ya nyavu.

Nyavu za macho madogo zikivua mfululizo, ngege anayechelewa kuzaa havuki. Anayebaki kurithisha ni yule aliyezaa akiwa mdogo. Ziwa George lilifundisha hili mapema. Mwaka 1950, kiwanda kilipokuwa ndiyo kwanza kinaanza kununua samaki wake, ngege wa wastani alikuwa na uzito wa takriban gramu 900. Kufikia 1970 wastani ulishuka hadi karibu gramu 400. Hakuna aliyebadilisha mbegu hapo katikati.

Maji yakipungua hutokea hivyohivyo. Ziwa Wamala lilipandikizwa ngege miaka ya 1950 likawa na uvuvi wa kibiashara miaka ya 1960. Baadaye likanywea, likapoteza karibu nusu ya eneo lake kabla mvua kubwa hazijalirudisha, na samaki wake wakaanza kuzaa wakiwa wadogo. Ngege akiona dunia inafinyika huzaa haraka. Sisi tunaona samaki mdogo mwenye mayai tukidhani ni mgonjwa, kumbe ana akili kutushinda.

Ukaguzi wa kwanza ni futi ya fundi cherehani. Pima samaki mia moja wa siku moja, kutoka kwa wavuvi tofauti, andika. Sheria ya Uganda inataka ngege asivuliwe akiwa chini ya inchi 11, yaani sentimita 28. Kama robo tatu ya mavuno hawafiki hapo, huna haja ya mtaalamu kukuambia tatizo liko wapi. Ukaguzi wa pili ni kupima macho ya nyavu zilizoanikwa: yavute yanyooke, upime fundo hadi fundo. Katika maziwa makubwa kipimo cha chini cha jicho la wavu wa ngege ni inchi 5. Utakuta za tatu na nusu, na mwenyewe atakwambia zimesinyaa kwa kufuliwa.

Sababu ya tatu, ya nadra zaidi kwenye ziwa lakini ya kawaida kwenye lambo, ni msongamano: wamezaliana kupita chakula. Hapo kuongeza vifaranga ni kosa kabisa. Vua wadogo kwa wingi, na baada ya hapo, kwa ushauri wa afisa uvuvi, kambare wachache wanaweza kupunguza watoto.

Ya mwisho ni mchanganyiko wa damu. Ngege wa kupandikizwa huzaa na ngege wa asili. Yule wa asili, ambaye wataalamu humwita esculentus, karibu ametoweka Viktoria na Kyoga kwenyewe, akabaki kwenye maziwa madogo yaliyojificha. Ukiona samaki ambao mzee wa mwalo anasema "hawa si wa ngege wako wala si wa babu yangu", simama. Usipandikize tena. Peleka sampuli kwa watafiti wa uvuvi walioko Jinja. Mkivuruga hilo, hakuna kikundi kitakacholirudisha. Ndiyo maana kupandikiza kwenye maji ya umma kunahitaji kibali cha maandishi. Urasimu unachosha, lakini huu una sababu.

Dalili ya 4: Mwaka wa kwanza mavuno mazuri, mwaka wa pili hakuna kitu

Kabla ya lolote, uliza: mlinunua madume watupu?

Vituo vingi huwapa vifaranga wachanga chakula chenye homoni kwa wiki tatu au nne ili wote wawe madume, kwa sababu dume hukua haraka na mfugaji wa bwawa hataki wazaliane. Kwa bwawa la nyumbani ni sawa. Kwa ziwa unalotaka lijiendeleze ni pesa ya mwaka mmoja. Nimekutana na kikundi kilicholipa bei ya juu kwa "mbegu bora" hiyo, na muuzaji hakuwadanganya: walikuwa bora kweli, kwa kazi nyingine.

Kuwajua si kazi. Mgeuze samaki aliyekua chali. Nyuma ya tundu la haja kuna kichuguu kidogo. Dume ana matundu mawili kwa jumla, jike ana matatu, na lile la mayai ni mstari wa kukata. Ukiona vibaya, dondosha tone la GV, ile dawa ya zambarau ya dukani, ufute, matundu yatajichora. Kagua hamsini. Ukipata majike watatu au wanne tu, jibu unalo.

Majike wakiwapo, sababu ya pili ni mahali pa kuzalia. Dume la ngege huchimba kiota kama sahani kwenye maji mafupi, jike hutaga hapo kisha hubeba mayai mdomoni na kuwachunga watoto karibu wiki mbili. Maji mafupi hayohayo ndiyo kokoro linapoburuzwa, mchanga unapochotwa na ng'ombe wanapokanyaga. Siku tulivu tembea ufuoni: viota huonekana kwa macho. Visipoonekana kwa miezi mitatu, tengeni sehemu mbili tatu za ufuo, wekeni vigingi na maboya ya jerikeni za njano, isivuliwe humo mwaka mzima. Kule Hokkaido, Japani, wanaopanda kombe wa baharini, wale wanaoitwa skalopu, hugawa sakafu ya bahari yao sehemu nne hivi: wanaondoa viti vya pweza, wale nyota wa baharini, katika sehemu moja, wanamwaga vifaranga, na hawaigusi mpaka miaka mitatu ipite, huku wakivuna sehemu nyingine. Kombe hakimbii, ngege anakimbia, kwa hiyo hesabu yao haiingii kwetu moja kwa moja. Kinachoingia ni ile subira ya kuacha sehemu moja bila kuigusa ilhali watu wana njaa.

Sababu ya tatu ni baridi. Ngege hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hukua kwa kusuasua na huacha kuzaa. Maziwa ya Kigezi yaliyo juu ya milima, Bunyonyi likiwemo, ni baridi, na kingo zake huzama ghafla bila ufuo wa maana. Huko fanyeni vizimba. Msilalamikie mbegu.

Dalili ya 5: Asubuhi moja, ziwa limejaa mizoga

Hapa usianze kuuliza nani ana wivu na nani. Angalia kwanza.

Kama wamekufa alfajiri, wakubwa kwa wadogo wa aina kadhaa ila wakubwa wametangulia, na jana yake kulikuwa na dhoruba, au maji yamekuwa mazito ya kijani kama rangi ya ukuta, basi ni kukosa hewa. Dhoruba hugeuza ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Mwani nao hutoa hewa mchana na kuila usiku. Sangara wengi waliokufa Viktoria na Kyoga mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, wizara ilieleza kuwa ni hewa hiyohiyo, huku mitaani watu wakiapa kuwa ni sumu. Hakuna la kufanya siku ile ila kuopoa na kuzika mizoga mbali na maji. La mbele ni kupunguza samadi na mbolea zinazotiririka kutoka mashambani.

Kama wamekufa saa yoyote, pamoja na vyura, wadudu wa maji na hata ndege waliowala, na waliobaki wanazunguka kama walevi, shuku sumu.

Simama hapo hapo. Usile, usiuze, usiwape mbwa, usinyweshe mifugo, usiingie majini kwa mikono mitupu. Piga simu kwa mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, polisi na afisa uvuvi, kwa mpangilio wowote ule. Weka samaki wachache ambao ndio kwanza wamekufa kwenye barafu, na chupa safi ya maji, kwa ajili ya maabara. Aliyekwisha kula na kuanza kutapika au kuona giza aende kituo cha afya bila kungoja kikao. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, na viwanda vikafunga milango kwa makosa ya watu wachache.

Kama anakufa ngege peke yake, polepole, kwa wiki nzima, rudi kwenye ile tahadhari ya ugonjwa ya dalili ya 1.

Dalili ya 6: Samaki wapo, ugomvi umewazidi

Waliochanga wanataka wavue wao. Wasiochanga wanasema ziwa ni la Mungu na la serikali. Wote wana hoja, na samaki hana chapa ya mwenyewe mgongoni. Kasoro hapa ilianza kabla ya vifaranga kununuliwa: hakuna aliyeandika nani atavua, kwa wavu gani, kuanzia mwezi gani, na faini inakwenda wapi.

Angalia kama kamati ya mwalo imechaguliwa au imejichagua. Angalia daftari. Pasipo daftari la mavuno hata hizi dalili tano za juu huwezi kuzitofautisha, utabaki unabahatisha. Mpeni binti mmoja aliyemaliza shule kalamu, mizani na posho, aandike kila mtumbwi unaotua: idadi ya samaki, urefu wa kumi wa kwanza, macho ya wavu.

Ila mkifika mahali pa kuchomeana nyavu au mitumbwi usiku, msikamatane wenyewe. Fungeni uvuvi kwa wiki mbili kwa makubaliano ya LC1, mwite afisa uvuvi wa wilaya na polisi wa kituo cha karibu, kikao kifanyike mchana, uwanjani, si kwenye baa ya mwaloni. Na vifaranga wapya wasiagizwe mpaka kile kikao kiwe na karatasi yenye sahihi.